Kumtuma Karani kwa Mungu

Majina ya watu wa shamba lile ninayo yote, hata ya ng'ombe wa plau. Nikiulizwa nitayataja moja moja, nani aliishi kibanda kipi na nani alikuwa bibi ya nani. Lakini hapa sitayaandika, kwa sababu wengine wana wajukuu na sijaomba ruhusa.

Lilikuwa shamba la mzungu, mahindi na ngano, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Eldoret ukienda upande wa Kesses. Mume wangu alishika plau. Mimi nilifanya kazi shambani pamoja na wanawake wengine. Siku zile mfanyakazi hakwenda kwa mzungu hivi hivi. Ukitaka ruhusa ya kwenda kumwona mama yako mgonjwa, au ng'ombe wako mmoja zaidi alishwe pale, ulimwambia karani. Karani naye alipitia mlango wa jikoni, akasimama na kofia mkononi mpaka mzungu amalize chai, halafu akatuletea jibu. Mara nyingi jibu lilikuwa hapana, lakini lilikuja.

Karani huyo alikuwa kijana wa kutoka magharibi, mwembamba, mwenye baiskeli. Siku za kazi alipima maziwa na kuandika masaa yetu. Jumapili alitukusanya kwa stoo ya mahindi, tukakaa juu ya magunia, akatufundisha habari za Mungu kwa Kiswahili, na sisi wengine tulishika nusu tu. Watu walimtania kwamba ana mabwana wawili na hakuna hata mmoja anayemnunulia viatu.

Mimi niliingia darasa lile baada ya mtoto kufa.

Alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Alishikwa na kifua wakati wa baridi ya mwezi wa saba, mvua haikatiki. Tulimfunga mgongoni kwangu tukaanza safari ya hospitali ya misheni kule Plateau, na tukiwa bado njiani akanyamaza. Nilijua. Lakini niliendelea kutembea, mpaka mume wangu aliponishika mkono akaniambia turudi nyumbani.

Wanawake walikuwa wameanza kuniita mama wa mtoto yule. Baada ya hapo wakaacha, pole pole, wakarudi kuniita bibi ya mtu wa plau. Hawakuwa na ubaya. Hawakutaka kunikumbusha, kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Sasa, Jumapili moja mama mmoja mzee, aliyekuwa akifua nguo za nyumba kubwa, akauliza habari ya watoto wanaokufa kabla ya kubatizwa. Akajijibu mwenyewe, maana alikuwa mtu wa namna hiyo. Alisema amesikia kwamba hao hubaki nje. Karani akasema si lazima iwe hivyo, akafungua kitabu, akatafuta, akakifunga. Mafundisho mengine ya siku hiyo sikuyasikia. Nilifikiria tu kule nje, na baridi ile.

Watu walipotoka nikamfuata karani penye baiskeli yake, nikamwambia ampelekee Mungu swali langu: mtoto wangu amemweka wapi. Sikuwa nafanya mzaha. Yeye ndiye aliyepeleka maneno yetu kwa mzungu, na yeye ndiye aliyemjua Mungu. Ningemtuma nani mwingine? Akaniangalia sana, akasema ataomba.

Jumapili iliyofuata nikamwuliza jibu. Akasema bado, ningoje. Nikangoja. Nikamwuliza tena, akasema bado. Mume wangu akaniambia niache kumsumbua kijana wa watu, ana kazi nyingi. Ikafika wakati wa kuvunja mahindi na sijaambiwa kitu, nikashikwa na hasira, nikamwambia mbele ya stoo watu wote wakisikia, "Hata mzungu hujibu, hata kama ni hapana."

Alikuwa anafunga kitabu chake nyuma ya baiskeli kwa mpira. Akaacha.

"Mama," akasema, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo tangu tulipozika, "mimi nimeuliza. Lakini mtoto mwenyewe sikumjua. Nilisema tu, mtoto wa yule mama. Wewe uliyemzaa, mwambie mwenyewe."

"Nitapitia mlango gani?"

"Sijui habari ya mlango. Mimi huongea naye nikiwa juu ya baiskeli. Watu wa barabarani hufikiri nina wazimu."

Yule mama wa kufua akasema hata yeye amefikiri hivyo siku nyingi, watu wakacheka, karani naye akacheka.

Kesho yake tulivunja mahindi sehemu ya chini, karibu na mto. Wenzangu walitangulia, maana mimi nilikuwa nikienda pole pole siku hizo. Nikajaribu. Nikaanza na maneno ya karani, Ee Mungu Baba mwenye enzi, yakaishia hapo, kwa sababu yaliyofuata nilikuwa nayasema tu bila kujua maana yake. Nikavunja hindi, nikatupa kwenye gunia. Halafu nikaanza tena kwa lugha ya mama yangu, nikamwambia Mungu mtoto wangu anaitwaje.

Nikamweleza siku ile alipozaliwa, wamama wazee walivyomtia ugoro kidogo puani wakiita majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, wakingoja apige chafya ijulikane ni nani amerudi. Aliwakataa watu wakubwa wote, wenye ng'ombe wengi na wenye vita, akaja kupiga chafya kwa jina la babu mmoja aliyejulikana kwa uvivu tu. Wamama walicheka mpaka wakakaa chini. Nikamweleza kwamba alilala na ngumi chini ya sikio. Kwamba hapendi kufunikwa miguu, ataipiga blanketi mpaka itoke, kwa hivyo asibishane naye. Angoje alale kwanza, ndiyo amfunike.

Hapo nikasikia maneno yangu mwenyewe, kwamba nilikuwa naongea kama mama anayemwelekeza mtu atakayebaki na mtoto wake. Hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Yalikuwa majani makavu ya mahindi tu, na upepo. Lakini nilijua kuna mwenye kusikiliza, kama unavyojua nyumba ina mtu hata kabla hajakohoa. Nikalia, na mikono ikiendelea kuvunja mahindi.

Swali langu lenyewe halijajibiwa kwa maneno mpaka leo, na sasa nimezeeka. Nimeliuliza mara nyingi, tena mengine zaidi ya hilo, na mara nyingine nimemlaumu. Sijawahi tena kuhisi nasimama jikoni kwa mtu.

Jumapili iliyofuata siku ile ya mahindi, darasa lilipoisha, karani alikawia nje ya stoo, mguu mmoja kwa pedali. Alikuwa amenizoea.

"Leo hunitumi, Mama?"

Nikamwambia leo simtumi. Nikamwuliza kama yeye ana neno la kupeleka, maana kesho ningerudi kule chini kwa mto na ningekuwa na nafasi ya kuongea. Alidhani namtania. Halafu akaangalia usukani wa baiskeli, akasema mama yake kule kwao macho yanamsumbua, na yeye hajapata ruhusa ya kwenda kumwona.

Nikakaa juu ya gunia lililokuwa mlangoni, nikamwambia basi anieleze kwanza, huyo mama ni mtu wa namna gani.