Maboksi ya Shene

Baba alikuwa mtu wa kujivuna, tusifichane. Enzi kiwanda kilipolipa alinunua shene nzima: redio, kaseti, kinanda cha santuri, na maboksi mawili ya sauti yaliyonifika kifuani. Katika mtaa wetu mjini Likasi, mfanyakazi asiye na shene alionekana bado kapera, hata akiwa na watoto sita. Jumapili kila mmoja alifungulia ya kwake madirisha wazi, mpaka hujui unacheza wimbo wa nyumba gani.

Kisha mishahara ikaacha kuja, na watu wakabadilika masikio. Kupiga muziki kwa sauti kukawa kama kuwaita wezi na wenye bunduki. Majirani zetu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa warudi kwao, walipanga shene zao kando ya stesheni wakingoja treni, wakizibadilisha kwa unga. Nasi tulipita pale tukiuliza bei, Mungu atusamehe. Shene zikawa nyingi kuliko wanaozitaka. Mwenye kidogo alitafuta redio ndogo ya mabetri, asikie nchi imefika wapi. Waliobaki kutaka spika kubwa ni vikundi vya maombi, vilivyoota kila kona, maana siku hizo Mungu naye aliombwa kwa kelele.

Baba aliwauzia hao. Walichukua mashine, wakang'oa spika, na maboksi wakayaacha kwa sababu walikuwa na yao. Baba akarudishia vitambaa vya mbele, akayasimamisha pale pale. Mahali pa mashine aliweka kreti tupu ya bia, na mama akaifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, eti kuzuia vumbi. Watu husema debe tupu ndilo lenye kelele. Yetu yalikuwa matupu na kimya.

"Ya nini haya, baba?" nilimuuliza.

"Weye ni binti," alinijibu. "Bantu batakuja kwa ajili yako. Batakuta nini?"

Walikuja kweli kuniposa, Jumapili baada ya misa: baba mdogo wa mchumba wangu, pamoja na shangazi yake. Kwetu, nyumba ya binti huwapokea wakwe kwa muziki. Nyumba ikiwa kimya, wanajua hawatakiwi, au wanajua hamna kitu. Na huyu baba mdogo alifanya kazi Koni, kwenye mitambo ya umeme. Nilikuwa nimemwambia baba, lakini mtu akishikwa na hofu hasikii.

"Mukwe, hakuna hata kamuziki?" shangazi aliuliza, hajakaa sawasawa.

"Ah, courant ilikatika tangu asubuhi," baba akasema.

Mgeni wa Koni aliinua macho taratibu kwenye ukumbi, ambako balbu yetu ilikuwa inawaka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Courant iko, mukwe," alisema kwa upole. "Minye mwenyewe nimeiacha kule Koni, inatembea muzuri. Labda ni waya tu." Akainuka.

Mama alimwita mezani, chakula kiko tayari. Alikuwa amechelewa. Yule mzee alishika boksi ili atazame nyuma yake, akajikaza kama mtu anayejua uzito wa kitu, akavuta, na boksi likaruka mikononi mwake hadi kidevuni.

Baba alitazama viatu vyake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya baba iliishia pale sebuleni, mbele ya wakwe. Nilijua wataaga sasa hivi. Nani anaoa katika nyumba ya namna hii?

Mzee alitanua miguu. Akalishusha boksi polepole kwa mikono miwili, akiguna, kama anayetua gunia la saruji. Akajishika kiuno.

"Hii kitu iko nzito," alisema, na akarudi kwenye kiti chake.

Hakuna aliyecheka. Niliwapa maji ya kunawa, nikapakua bukari, ndio ugali wetu, na sikuweza kumtazama yule mzee usoni. Angetucheka ningemkasirikia, na hasira ingenisaidia. Lakini mgeni alikuwa amebeba uongo wa baba yangu kwa mikono yake mwenyewe.

Ndoa waliikubali. Walipokuwa wanasimama kuaga, mzee alikohoa kidogo.

"Jambo moja, mukwe. Siku ya ndoa, nyumba ya binti njo inapiga muziki, tunajua. Lakini shene yenu iko nzito sana kuitoa inje. Mutuachie shiye, tutaleta ingine."

Baba hakuwahi kupokea hata sigara ya mtu mwingine, kwa kiburi. Aliyatazama maboksi yake, moja, kisha lingine.

"Ni kweli, mukwe," alisema. "Muntu moja hawezi."