Banda Lisilopitisha Upepo

Mbao za mnazi zikipasuliwa hutoa harufu tamu kidogo, kama ya kitu kinachokaribia kuchacha, na mpaka leo nikipita penye karakana yoyote hapa Kilifi nikaisikia, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe. Papo hapo narudi Gede, kwenye ua wetu uliofagiwa, nikimtazama baba akipiga randa huku vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Baba alikuwa seremala. Yeye na mama walitoka bara, kwenye vilima vya ukungu ambako watu hulala na mablanketi mawili, wakaja pwani kutafuta riziki ya vitanda na milango. Riziki waliipata, ila baba hakuacha kulalamika kwamba boma bila ng'ombe si boma. Nilipokuwa darasa la tano, akamleta Karembo kwa lori: mtamba mweusi mwenye mabaka meupe, kope ndefu, na mimba ya miezi kadhaa.

Banda lilikuwa tayari kabla Karembo hajafika. Baba aliliunda ubao juu ya ubao, na kila penye ufa akapachika kipande cha mti mpaka ukuta ukawa kitu kimoja. Siku ya kumaliza alijifungia ndani na mshumaa, akamwambia mama asimame nje apepee kwa ungo kwa nguvu zake zote. Mama alipepea mpaka akachoka, mwali haukutikisika, na baba akatoka akicheka mwenyewe. Majirani walikuja kutazama. Lilikuwa zuri kuliko nyumba yetu, na mama hakuchoka kumkumbusha hilo. Lakini baba hakujenga kwa majivuno tu. Kule kwao alikuwa amezika ndama watatu, wote wameuawa na baridi, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alinishika bega akaniambia, "Njeri, atakayezaliwa humu ni wako. Huyu hatapigwa na upepo."

Ikaja likizo ya Desemba, kaskazi imeanza na joto limekaa juu ya Gede bila haraka ya kuondoka. Kazi yangu ilikuwa kumkatia Karembo matete, kumtekea maji na kuzoa samadi. Nikishamaliza nilibaki naye humo bandani, gizani, nimeegemea ubavu wake, harufu ya mkojo ikiniwasha macho, jasho likinitiririka, nami nikifurahi tu. Ndama alikuwa akicheza tumboni. Nilikuwa nikiuhisi mguu wake ukinigusa mgongoni kupitia ngozi ya mama yake, nikasinzia, nikaota nimemshika kamba tunakwenda mahali penye majani mengi, nikaamka, nikausikia tena. Sijui siku hizo zilikuwa ngapi. Katika kumbukumbu yangu ni mchana mmoja mrefu, na sikumbuki furaha nyingine niliyoipata kirahisi namna ile.

Kisha Karembo akaanza kuacha majani. Alisimama akihema kwa mdomo wazi, mate yakimning'inia, na maji niliyompa aliyamaliza kabla sijaweka ndoo chini vizuri. Siku hiyo alipita Mama Kadzo, jirani yetu Mgiriama, ambaye mbuzi wake walilala kwenye zizi la fito ambalo ungeweza kuona shamba lote kupitia kuta zake. Baba alikuwa akilitania zizi lile kwamba ni tenga la kuku. Mama Kadzo alichungulia ndani, akarudi nyuma akijipepea kwa upindo wa leso.

"Mwanangu, ng'ombe huyu yuwachemka," akasema. "Babako arudipo, mwambie atoe mbao za upande huu, upepo upite. Ana mimba, jamani! Mwambie leo, usingoje kesho."

Nikamwitikia, "Ndiyo, Mama Kadzo."

Sikumwambia. Jioni baba alirudi amechoka, akapitisha mkono kwenye ukuta wa banda kama anavyofanya mtu kwa kitu anachokipenda. Nililipenda lile banda. Nilimpenda zaidi baba akiwa anasifiwa, na sikutaka niwe mimi wa kumletea maneno kwamba zizi la fito limelishinda lake. Nikajipa moyo kwamba kesho joto litapungua. Kesho yake joto halikupungua, na sikusema tena.

Siku ya tatu, mchana, baba akiwa karakanani, Karembo alizaa kabla ya siku zake. Mimi na mama tulimfuta ndama kwa gunia, tukampulizia puani, tukamtoa nje kivulini. Alikuwa dume, mwepesi, ana mabaka ya mama yake. Aliinua kichwa mara moja akakilaza mapajani mwangu. Baba alifika akikimbia akamkuta ameshakata roho.

Tulipokwisha kumzika nilimwambia yote, nikilia. Nilingoja kofi. Baba alikaa juu ya samadi, na nguo zake za kazi.

"Hata ungeniambia," akasema, "nisingesikia."

Kisha akachukua nyundo, akazing'oa mbao za upande wa upepo moja baada ya nyingine, na kabla ya magharibi alikwenda kwa Mama Kadzo, akavua kofia, akaomba afundishwe. Sikio la kufa halisikii dawa, husema Waswahili. La baba lilisikia, ila lilichelewa.

Sasa mimi ni mwalimu wa ufugaji chuoni. Kila muhula naanza na makazi ya mifugo: hewa, kivuli, sakafu yenye mteremko, na kwanza kabisa uwaulize wenyeji wa mahali ulipo. Wanafunzi wangu huandika haraka, na wana simu za kuwaonyesha mabanda ya dunia nzima. Ninawaonea wivu kidogo. Yale wanayoyajua kwa kipindi kimoja, sisi tulijifunza kwa kuchimba shimo nyuma ya nyumba. Lakini karatasi haina joto wala haipigi teke mgongoni mwako, kwa hiyo huwapeleka Gede kwa baba, ambaye bado anafuga.

Majuzi msichana mmoja alimpa shikamoo, akamuuliza, "Mzee, umelea ndama wangapi hapa?"

"Kumi na wawili," baba akajibu.

Tuliowalea ni kumi na mmoja. Zamani nilikuwa nikimsahihisha, siku hizi simsahihishi. Huanza kuwataja kwa majina akikunja vidole, Simba, Neema, Zawadi, lakini kabla ya Simba hukunja kidole kimoja kimya, kwa sababu yule hatukuwahi kumpa jina.