Siku Foleni ya Barua Ilipotoka Uvira

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa biro, mkuu wa ofisi yetu, alinifungulia chumba kidogo cha hospitali yetu, hapa Uvira, akanionyesha seva ya Linux, kompyuta iliyohudumia kompyuta nyingine zote. "Mama Furaha," aliniambia, "hii njo posta yetu. Ikilala, sisi bote tunakuwa bubu." Nilicheka. Vita vilipokuja nikamwelewa.

Mapigano yalifunga barabara ya bonde la Ruzizi, simu zikakatika, na kipindupindu kikaingia mtaa wa Songo. Tulibaki na antena ya satelaiti juu ya paa. Mtandao wake ulikuwa mwembamba: kurasa hazikufunguka, barua pepe fupi tu ndizo zilizoweza kupita. Daktari mkurugenzi akaandika kwa depo ya dawa ya Bujumbura, ng'ambo ya ziwa, kuomba serum, yaani maji ya dripu. Barua za kuingia zilifika. Za kutoka ziligoma.

Alikuja mwenyewe, bluzi yake, lile koti jeupe la kazi, imelowa jasho. "Mama, bagonjwa banalala chini, serum iko inaisha. Ile mesaji imetoka?"

"Bado, Dokta. Iko ku foleni."

"Inakwama wapi?"

Nilifungua logi, faili ambamo seva huandika kila inachofanya. Kila barua ilikuwa ikigonga mlango wa mtandao namba 25, na kampuni ya satelaiti ilikuwa imeufunga kwa kuogopa barua taka. Basi nikaiamuru seva isipeleke barua yenyewe, bali iikabidhi seva ya ofisi yetu kuu Bukavu, kupitia mlango 587, kwa jina na neno la siri. Bukavu ikaitika, lakini seva yetu ikakikataa cheti chake, kitambulisho cha seva, eti muda wake haujaanza. Nikatazama saa. Umeme ulikuwa umekatika mara nyingi hata betri ndogo ya ndani ikafa, na tarehe ikarudi nyuma miaka mingi. Niliirekebisha, nikaisukuma foleni.

Barua zikatoka, moja nyuma ya nyingine. Kabla ya adhuhuri Bujumbura wakajibu: "Tumepata. Mtumbwi wa mota unapakia."

Kesho yake wauguzi walibeba katoni kutoka ufukweni wakiimba. Daktari akanishika mkono. "Njo weye uliita huu mutumbwi, Mama."

Baadaye nilitumwa mji wa Baraka, kisha Bukavu, chini ya mashefu wengi, na sasa nimestaafu, nimerudi Uvira. Vijana wa kazi hii nawaambia wasome logi kabla ya kugusa chochote. Majuzi sokoni muuguzi mmoja alinionyesha kijana muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu: alilazwa wiki ile ya kipindupindu, akiwa mtoto mchanga. Hanijui. Nilinunua ndagala zake, nikapanda kwenda nyumbani nikitembea kama malkia.