Mawe ya Mfangano Yalivyopakwa Chokaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa wino mweusi, brashi ndogo na jiwe. Mwanajiolojia Mkuu, aliyesimamia ofisi yetu ndogo ya utafiti pale Busia, aliniambia, "Mama Nekesa, jiwe bila alama ni kokoto tu. Hiyo usisahau." Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Cheo changu kilikuwa mtunza sampuli, yaani vipande vya miamba vinavyoletwa kuchunguzwa.

Tulisafiri kwa mashua kutoka Sio Port hadi kisiwa cha Mfangano, ambacho ni mabaki ya volkano ya kale sana. Ninyi vijana mngelalamikia jua, sisi tuliona raha. Tulipanda kutoka ufukoni hadi juu tukivunja kipande katika kila tabaka, nami nikikiandika namba papo hapo. Namba ndogo ilikuwa ya chini, na tabaka la chini ndilo la zamani zaidi. Majivu yaliyogandana yalimaanisha mlipuko. Udongo wenye chapa za majani ulimaanisha mlima ulitulia hadi msitu ukaota. Halafu majivu tena, na juu kabisa lava nyeusi. Kwa mawe hayo Mkuu angechora ramani ya milipuko yote ya kisiwa, kazi aliyoiota tangu ujana wake.

Tuliyarundika mawe nyuma ya ofisi pale Busia. Mkuu akaenda Nairobi kuomba nafasi ya maabara ya kuyachunguza, nami nikaenda Khunyangu kumzika shangazi. Huku nyuma Afisa Utawala akapata habari kwamba mgeni wa wizara yuko njiani. Mnajua ofisi za serikali zilivyo: mgeni akija, lazima njia ya kwenda kwenye bendera ipambwe kwa mawe meupe.

Niliporudi nilisimama getini. Mawe yetu yalikuwa yamesuguliwa kwa brashi ya waya, yakapakwa chokaa, yakapangwa safu mbili, makubwa mbele.

"Mbona unalia, mama?" Afisa Utawala akashangaa. "Mawe si yote iko hapa? Hakuna hata moja imepotea."

Na kweli alidhani amefanya jambo jema. Nilikwangua chokaa kwa kucha na kisu, lakini namba zilikwisha kutoka zamani.

Mkuu aliporudi hakumgombeza mtu. Aliifuata safu ile polepole, ameinama, kisha akasema, "Hapa volkano imezimika kabla ya kuwaka." Akaingia ofisini akafunga mlango. Kurudi kisiwani hakukuwezekana, kwa sababu mradi ulikuwa unafungwa na mashua ilikwisha chukuliwa.

Nimestaafu, naishi Adungosi, na bado inaniuma. Ramani ilitoka Mkuu akiwa ameshaondoka kazini. Mfangano nzima imepakwa rangi moja, na pembeni pameandikwa "miamba ya volkano", maneno ambayo mtu angeweza kuyaandika bila kushuka kwenye mashua.