Pole za Fundi Zipu

Hata begi hakuruhusiwa kulifikisha nyumbani. Begi lililozunguka naye Asia nzima na kupitiliza, alilolilalia kwenye mabenchi ya stesheni, alinyang'anywa na mwenye duka la kona, mita chache kabla ya mlango wao.

"Fundi! Wewe si wa kubeba mzigo sasa hivi! Pole, pole sana. Tumekuombea kweli."

"Pole ya nini?"

"Basi usiongee sana, utachoka."

Fundi Zipu akabaki mdomo wazi. Mtu ametoka safari, badala ya kuulizwa habari za huko, anashikwa mkono kama anavushwa barabara! Jina hilo alipewa kwa sababu zipu ikishinda mafundi wote mtaani, kwake hupona. Ni mwanamke wa makamo, hana mume wala mtoto, na chumba cha mbele katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, yeye na kaka yake, ndicho kilikuwa kazi yake, jina lake na kila kitu chake. Alishona sare za shule miaka na miaka, mgongo ukamuuma, mpaka siku moja akasema na mimi nikaone watu wengine wanaishije. Akafunga chumba, akaenda kutembea.

Na alitembea kimaskini, msidhani. Mabasi ya bei ya chini, yale ambayo kiti hakirudi nyuma na dereva anapiga redio safari nzima. Vyumba vya vitanda vya ghorofa, yeye juu, kwa kuwa juu ndiko bei nafuu, na magoti yake yanalia kila akipanda. Wasafiri vijana walipogundua kazi yake, mabegi yao yalipanga foleni. Kila mapokezi swali lilikuwa lile lile: uko na nani? Niko na mimi! Mahali pamoja mwenye nyumba ya wageni alimtazama juu mpaka chini, akasema vitanda vimejaa, halafu papo hapo akawapa funguo vijana wawili waliokuwa nyuma yake. Damu ikamchemka. Hakutukana. Aliketi pale pale mlangoni, akafungua begi, akatoa mkate, akaanza kula taratibu huku wateja wakimruka. Kitanda kikapatikana.

Sasa huyo ndiye aliyeambiwa asiongee sana.

Nyumbani aliyakuta makubwa zaidi. Chumba chake cha kazi kilijaa viti vya plastiki hadi darini, viti vya wifi yake vya kukodisha kwenye shughuli. Cherehani ilitupwa ukumbini nyuma ya mlango, imefunikwa shuka. Na yeye ametandikiwa kitanda chumba cha uani, karibu na choo, pembeni beseni na taulo.

"Kaka, nani anaumwa humu?"

Kaka yake akafunga mlango wa jikoni kwanza. Ni karani mstaafu, mtu wa kupenda kusalimiwa. "Mdogo wangu, watu waliuliza. Ningewajibu nini? Kwamba dada yangu, mtu mzima, anazurura kwenye mabasi ya watu? Nikasema umekwenda kutibiwa. Wangapi wanakwenda huko kutibiwa?"

"Na wateja wangu?"

"Nao tumewaambia. Wameshapata fundi mwingine. Mgonjwa hashoni."

"Na chumba?"

"Tulia kwanza. Jumapili ndugu wanakuja kukupa pole. Wewe itikia tu, useme unaendelea vizuri. Baadaye, ukishapona, tutaona habari ya chumba."

Ukishapona! Mtu mzima wa afya, apone nini? Eti chumba chake mwenyewe akipate kwa kukubali uongo wa mtu mwingine! Fundi Zipu alitaka kupiga sufuria ukutani. Akameza maneno, maana ndani ya hasira hizo alikuwa amekumbuka jambo: wageni wakija, watakaa kwenye nini?

Jumapili walikuja kweli, wamejaa ukumbi, na viti vyote vya wifi vikatolewa chumba cha mbele. Fundi Zipu aliwekwa katikati na khanga mabegani, joto lote lile. Wakamwambia amekonda. Wakamwambia amerudi na rangi. Shangazi yao, dada wa marehemu baba, akamsogelea sikioni. "Mwanangu, walikupasua wapi?"

"Hawakunipasua, Shangazi."

"Basi walikupa dawa za kunywa?"

Fundi Zipu akavua khanga. Akaenda nyuma ya mlango, akafunua shuka, akaikumbatia cherehani, chuma kitupu, akainyanyua.

"Jamani, mgonjwa! Mshikeni mgonjwa!"

"Asinishike mtu! Siumwi. Sijaumwa hata mafua. Nilikwenda kutembea, nimelala na wageni chumba kimoja, nimekula nikashiba, nimecheka na watu nisiojua lugha yao. Kaka alijua. Nisogezeeni miguu nipite."

Kaka yake akawa anatazama saa ya ukutani, macho makavu kama si yeye. Fundi Zipu akafikisha mashine chumbani, akaitua juu ya meza yake, anahema. Aliporudi mlangoni alikuta nyuso zote zimemgeukia yeye, si kaka yake.

"Kutembea tu?" Shangazi akauliza. "Umeacha nyumba, umeacha kaka yako, kwa kutembea tu? Afadhali basi ungekuwa unaumwa."

Hilo lilimchoma. Yule mwenye nyumba ya wageni hakumuuma hivyo, maana hakuwa ndugu yake.

"Shangazi, nilipokuwa mgonjwa mlikuja ukoo mzima. Nimekuwa mzima, mnatafuta viatu."

Walitoka mmoja mmoja, pole zao wamerudi nazo. Fundi Zipu alivuta mlango wa chumba cha mbele, akageuza ufunguo, akaketi kwenye mashine, akalia kwa hasira, kisha akaanza kupaka mafuta vyuma vilivyoshika kutu.

Baadaye wifi akagonga, amekumbatia viti vilivyopandana.

"Wifi, fungua niweke viti vyangu. Nitaviweka wapi?"

"Vilaze uani, kwenye kitanda cha mgonjwa," akajibiwa kutoka ndani. "Hakuna wa kukilalia."