Makumbusho Yenye Kahawa ya Moto

Nawaeleza taratibu, wapenzi wasomaji, ili nanyi yasiwakute. Ilikuwa siku yangu ya majaribio ya kutembeza wageni hapa Maskati; nikiharibu, kazi siipati. Kule Matrah, mtaa wa bandarini, nikaona mlango wa nakshi uko wazi. Nikajua ndiyo nyumba ya makumbusho, nikawaingiza wageni watano kutoka Dar es Salaam pamoja na msimamizi wangu.

Mzee mmoja alitukaribisha, akatumiminia kahawa. Nikamsifu kwa kuvaa kikale. Nikaeleza birika, mito, mpaka kitanda cha chumba cha ndani. “Hiki,” nikasema, “hakijalaliwa miaka mia.”

Mzee akanijazia tena kikombe. Kwetu mgeni haulizwi shida yake mpaka amalize kahawa, nami, kwa maneno mengi, nilisahau kutikisa kikombe, ishara kwamba nimetosheka, basi akawa ananiongezea tu. Kikombe cha saba nikakitikisa.

“Alhamdulillahi,” akasema, kwa Kiswahili safi cha Unguja. “Nnakusikiliza muda, mwanangu, unasema vizuri. Sasa nambie, mmekuja kwa shida gani? Maana mke wangu anangoja mtoke chumbani, akalale.”

Nilipogeuka, msimamizi wangu alikuwa keshavaa viatu.