Seva Iliyokosa wa Kuhudumia

Nchi ilipofungua soko lake kwa bidhaa za nje na mitumba ikaanza kutufikia ya kila aina, wenzangu walinunua suruali, redio na baiskeli. Mimi nilinunua seva.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati Kilosa mjini. Likizo moja nilisoma kozi fupi ya kompyuta Morogoro, nikarudi na maneno mengi kuliko ujuzi. Basi kampuni moja ya ujenzi wa barabara ilipofunga kambi yake Mikumi na kunadi vyombo vya ofisi, nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika. Juu ya meza zilipangwa kompyuta za kawaida. Chini sakafuni lilikaa boksi jeusi la chuma, refu kama kabati la vyombo.

"Hiyo ndiyo kubwa yao," dalali alisema. "Hizi zote zilikuwa zinaitegemea hiyo."

Nikajiuliza, ninunue mtoto wa nini wakati mama yupo? Nikaondoka na ile kubwa, bila chochote kingine.

Nilipanda nayo pikapu iliyobeba vitunguu. Kila tuliposimama njiani watu waliichungulia. Pale Zombo mzee mmoja aliigonga kwa kidole, akanipa pole ya msiba wa friji.

Nyumbani nilimkuta mke wangu pamoja na mama yake, ambaye alikuja kututembelea akazuiwa na mvua za masika. Tuliinyanyua watu wanne tukaiweka sebuleni, na ili ipate nafasi kochi likahamia barazani. Mama mkwe aliitazama kwa heshima.

"Inapika?" aliuliza.

"Hapana, mama. Inatunza kazi za watu."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma binti yake.

Nikaiwasha. Ilikohoa kidogo, kisha feni zake zikashika kasi zote kwa pamoja, na nyumba nzima ikavuma. Kuku walikimbilia kwa jirani. Mama mkwe alikunja mkeka wake taratibu, akaufuata ubaridi wa nje. Haikupita muda tukasikia hodi. Alikuwa mama wa nyumba ya tatu, na kichwani amebeba debe la mahindi.

"Mwalimu, hongera kwa kufungua mashine. Mnakoboa pia, au mnasaga tu?"

Mke wangu akaniwahi kujibu. "Kwa leo inasaga masikio tu, dada. Ikianza mahindi tutakuita."

Waliketi barazani kwenye lile kochi langu, wakacheka mpaka debe likasahaulika.

Kwa kuwa sikuwa na skrini, niliazima ya ofisi ya shule. Maandishi yalishuka kwa fahari, kisha yakasimama na kudai neno la siri. Nilijaribu Mikumi. Nilijaribu barabara. Nilijaribu mpaka jina la mke wangu, na yeye, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akauliza, "Hao wajenzi wangenijulia wapi?"

Nikasalimu amri. Mikumi nilikuwa na rafiki niliyesoma naye, aliyekuwa akitengeneza kompyuta za hoteli za watalii. Jumamosi alikuja na diski zake, akafuta kila kitu na kuanza upya. Alifanya kazi vizuri, huku akipiga mluzi. Alipomaliza alijinyoosha, akatazama huku na huku sebuleni.

"Sasa hizo nyingine ziko wapi?"

"Nyingine zipi?"

"Kompyuta. Seva ni mhudumu, mwalimu. Hukaa pembeni, nyingine zikaiomba mafaili nayo ikazipa. Hii yako itamhudumia nani?"

Mke wangu alikuwa akileta chai. Aliweka sinia chini kwa uangalifu, akarudi jikoni, na huko ndiko tulikomsikia akicheka. Kumbe nilikuwa nimeajiri mpishi kwenye nyumba isiyo na mlaji.

Lakini ni yeye aliyeniokoa. Alikuwa akiwachapia watu barua na kadi za harusi kwa taipureta katika chumba cha mbele, na siku nyingi alitamani kompyuta. Tulipata moja ndogo, ya mtumba vilevile. Rafiki yangu alirudi, tukatoboa ukuta na kupitisha waya kutoka sebuleni hadi kwake.

Siku ya kuijaribu nilimwita mama mkwe akae karibu na binti yake. Mimi nikabaki sebuleni, nikaandika maneno mawili, nikayahifadhi. Upande wa pili mke wangu akafungua faili.

"Imefika!" alipiga kelele. "Mama, soma. Mkweo anakuamkia: Shikamoo mama."

Nilisubiri marahaba yangu.

"Mama, mwitikie basi," mke wangu alimhimiza.

"Nimwitikie nani? Hili sanduku?" alisema mama mkwe. "Mwenye shikamoo yake aje nayo mwenyewe."

Nikatoka sebuleni, nikapita mlangoni, nikainama mbele yake kama inavyopasa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akaniangalia, kisha akautazama ukuta na vumbi jekundu la tofali lililomwagika chini ya tundu. "Na mlango huo upo siku zote. Ukuta mmeutobolea nini?"